Giza la Dakika Arobaini

Saa nane za usiku, Tukuyu, mvua huwa kazini kama sisi.
Taa za kiwanda ni nyeupe, hazipepesi,
nami huinamia jani lililosagwa, nalinusa.
Miaka kumi na mmoja pua hii ndiyo saa ya kiwanda:
jani huingia kijani, hewa hulila polepole,
hugeuka shaba, hunukia tunda lililoangukia nyasini,
hapo napaza sauti, "Tayari!"
na Anganile analisukuma kwenye moto.
Nikichelewa kidogo tu, chai inafia mdomoni.

Jumanne nilikuwa Mbeya, kwa Daktari Mlelwa.
Alinipaka jeli baridi tumboni, akageuza kioo nione:
ovari yangu, na vifuko vidogo vimejipanga ukingoni
kama shanga zilizokosa uzi.
"Mayai yapo, Tupokigwe. Yanaanza safari, hayafiki."
Kisha akauliza swali ambalo hakuna mganga wala wifi
aliyewahi kuniuliza:
"Unalala saa ngapi?"

Nikacheka. Nalala mchana,
jua likipenya matundu ya bati, mtoto wa jirani akipiga debe.

Kuna kitezi ubongoni, akasema,
kama punje ya mchele wa Kyela,
hakishughuliki mpaka macho yaone giza.
Hapo hudondosha melatonini,
ikashuka na damu, ikafika hata kule chini,
ikachanganyika na maji yanayolizunguka yai.
Yai likikaribia kukomaa hewa huliunguza kwa ndani;
melatonini hukaa pale, ikipunguza moto.
Kwa wenye vifuko kama vyako
wapimaji wameikuta haba.
"Sikuahidi mtoto," akasema, akinipa karatasi nijifute.
"Bado wanachunguza. Nakuambia tu, giza nalo ni chakula."

Sikumwambia kwamba hewa hiyo naifahamu,
ndiyo inayonilipa mshahara.
Kila usiku nampa jani aliivishe,
na ndani yangu, chini ya taa hizo hizo,
kitu kijani kinageuka shaba
wala hakuna pua ya kusema, tayari.

Mama mkwe anasema nilimeza vidonge kwa siri.
Ambakisye hasemi. Husogeza kigoda changu karibu na jiko, basi.
Na msinisimulie usiku wa zamani:
bibi yangu alilala katika giza totoro, akazaa tisa,
akazika wanne, giza likitazama.

Niliomba zamu ya mchana.
Msimamizi akafungua daftari, akalifunga.
"Pua ya usiku ni yako."

Jana, saa tisa kasoro robo, umeme ukakatika.
Mashine zikashusha pumzi.
Anganile akalitukana shirika zima, kuanzia mkurugenzi hadi nguzo.
Jani likaendelea kuiva, halijui habari za umeme,
nami nikakaa sakafuni,
nikazima simu,
nikafumbua macho.

Sikuona hata mikono yangu.
Mvua nikaisikia kwa mara ya kwanza tangu saa mbili.
*Ndaga,* nikaliambia giza, kimoyomoyo,
kama mtu apokeaye mboga kwa jirani.
Sikudhani dakika arobaini zitajaza kikombe.
Harufu ya tunda ikaja, ikanipita,
nikaiacha ipite.

Jenereta likakohoa. Taa zikarudi zote kwa mpigo,
na jani lilikuwa limeivuka shaba, limekuwa udongo.
Wakaniuliza pua ilikuwa wapi.

Asubuhi nilitundika blanketi la kijivu dirishani,
juu yake gunia la chai.
Ikabaki taa nyekundu ya chaja, ndogo kama chunusi.
Nikaiziba kwa kidole,
nikalala hivyo, mkono umenyooka.